Rejeta Niliyoitazama Sana

Jambo lote lilinigharimu riyali sitini na tatu na nusu. Nimehesabu mara mbili, kwa sababu ndivyo nilivyo, na mara zote mbili jawabu limekuja lilelile: kabureta, gasketi, betri, petroli, na teksi ya kwenda na kurudi Wadi Kabir. Jasho sijalitia. Rejeta nayo sijaitia, kwa kuwa sikuinunua, ingawa mwenye duka mpaka leo anaamini ndiyo niliyoifuata.

Gari lilikuwa la baba. La Kimarekani, silinda nane, refu kiasi kwamba likiingia uani kwetu Azaiba geti lilikuwa halifungiki mpaka pua yake iguse ukuta wa jiko. Alilinunua miaka ya sabini, muda si mrefu tangu arudi. Sisi husema "kurudi", ingawa baba alizaliwa Unguja na Maskati hakuwahi kuiona mpaka alipokuwa mtu mwenye ndevu. Unguja alikuwa na baiskeli. Watu wakimuuliza, mtu aliyezoea baiskeli anazitakia nini silinda nane, alikuwa akijibu, "Nne za kwendea, nne za kurudia."

Alifariki katika miaka ya tisini, na gari likabaki palepale alipoliegesha mara ya mwisho. Kabureta yake ilikuwa imekwisha. Ilivuja petroli, na ukiwasha gari linakohoa kidogo kisha linanyamaza, kama mgonjwa aliyeulizwa hali akaona haina maana kujibu.

Kaka yangu, anayefanya kazi wizarani na aliyerithi nafasi ya baba katika kila kitu isipokuwa ucheshi, alitaka kujenga vyumba viwili vya kupangisha uani. Gari lilikuwa limekaa juu ya vyumba hivyo. Akatoa hukumu yake tukiwa kwenye kahawa: Idi Kubwa ikipita na gari halijatoka getini likarudi, analiita lori la skrepa. Likitoka na kurudi, vyumba atavijenga juu ya paa.

"Kwa mashine yake lenyewe," aliongeza, akinitazama mimi. "Si wewe na wenzako mnalisukuma."

Nikamgeukia mama, nikitegemea neno. Mama alikuwa anachambua mchele, na macho hakuyainua kwenye ungo.

"Liondoke," alisema. "Linanimwagia mafuta ua mzima. Mimi nnataka pa kuanikia nguo zangu."

Basi nikabaki peke yangu. Zamani hizo nilikuwa karani wa ghala kule Rusayl. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu makatoni yakiingia na kuyahesabu tena yakitoka, na jioni narudi nyumbani tarakimu zikinizunguka kichwani kama nzi. Nilikuwa nimechoka uchovu ule ambao ukilala unaamka nao. Wakati mwingine nilikuwa naingia uani, nafungua mlango wa gari, nakaa kwenye kiti cha baba bila ya kufanya lolote, kwa sababu ndani mle tu ndimo hamkuwa na kitu cha kuhesabu.

Mtu mwenye akili angelitafuta kabureta kama ile ya zamani, akaifunga, akamaliza. Lakini kila Alhamisi jioni vijana walikuwa wakipita barabara ya Azaiba na magari yao ya silinda nane, yakinguruma mpaka vikombe vyetu vinatikisika kabatini, nami nikajiambia kwamba gari linalokohoa hupelekwa skrepa, linalonguruma halipelekwi. Nikaulizauliza. Nikaambiwa siri yote iko kwenye kabureta, maana hiyo ndiyo inayoilisha injini hewa na petroli. Ya kawaida, kama ya baba, ina midomo miwili. Ya mbio ina minne.

Na ya midomo minne nilikuwa nimeshaiona. Nilipita Wadi Kabir kwenye maduka ya vipuri vya magari yaliyovunjwa, na katika duka moja, mezani, ilikuwa imekaa kando ya rejeta kubwa ya shaba. Niliitupia jicho mara moja, nikaendelea na njia yangu. Sikuitazama mara ya pili, na hapo lazima nieleze kwa nini.

Biashara alinifundisha mama, sokoni Matrah, nikiwa bado natembea nimeshika ncha ya buibui lake. Kanuni yake ilikuwa moja: kitu unachokitaka usikitazame. Kitazame cha jirani yake. Ulizia bei ya jirani, ushtuke, ukunje uso, uanze kuondoka, na ukifika mlangoni ndiyo ugeuke kama mtu aliyekumbuka kitu, useme, "Na hicho, je?" Siku moja sikuweza kujizuia, nikalinyooshea kidole birika alilokuwa akilivizia tangu Ramadhani. Bei ikapanda palepale. Mama alinitoa dukani kwa sikio, na njia nzima hakusema ila neno moja.

"Jicho lako limenitia hasara."

Nilikuwa na umri wa kusahau mambo, lakini hilo sikulisahau. Kwa hiyo niliporudi Wadi Kabir na mshahara wangu mfukoni, Idi ikiwa imeshabisha hodi, niliingia dukani nikiitazama rejeta.

Mwenye duka alikuwa mtu mzima, kanzu imepakaa grisi mpaka kifuani na kofia safi kabisa. Tulianza kwa Kiarabu, kama ilivyo ada. Ukinunua kwa Kiswahili Maskati unageuka jamaa, na jamaa humkatalii bei. Nikaipapasa rejeta. Nikainama nikachungulia matundu yake. Nikauliza bei kwa sauti ya mtu asiyelala kwa ajili yake. Akasema ishirini.

"Loo!" nikasema.

Neno lilinitoka lenyewe. Yule mzee akatabasamu, akakiweka Kiarabu kando, akaniambia kwa Kiswahili cha bara, cha watu waliokulia Tabora, "Kumbe mwenzetu. Nyumbani wapi?"

Nikamwambia wazee wangu walitokea Unguja.

"Ahaa, visiwani," alisema, akavuta kigoda akakaa. "Basi ngoja nikae kabisa. Nyie mkinunua sindano, mtu anakosa sala."

Akaanza kuisifu rejeta. Akanieleza imetoka kwenye gari gani, na lilikuwa ndugu wa gari la baba, toleo lilelile. Nikasikiliza, nikatikisa kichwa, nikasikitika, nikaaga. Mlangoni nikageuka. Kando ya rejeta, mahali palepale pa siku ile, palikuwa na kitu kimefungwa tambara la mafuta kwa waya. Nikakielekezea kidevu, macho yangu yakiwa bado kwenye rejeta.

"Na hilo dude, je?"

"Kabureta hiyo?"

"Mimi nitajuaje? Nimeliona tu limekaa."

Akataka sitini. Nikampa ishirini na tano. Akashuka hamsini, akasema ni kwa sababu ya sura yangu ya uchovu. Kisha akasema, "Na kumi nakupunguzia ya lugha," ikawa arubaini. Nikafika mpaka barabarani, akaniita, tukakubaliana thelathini na nane. Noti alizihesabu yeye, nikazihesabu tena mimi. Tambara sikulifungua. Kulifungua mbele yake kungekuwa kuonyesha mapenzi, na mapenzi yana bei.

"Na rejeta?" aliuliza.

Nikasema nitaifikiria.

"Nakuwekea."

"Usijisumbue, mzee wangu."

"Nakuwekea," alisema. "Nimeona ulivyoitazama."

Nilirudi kwenye teksi nimelipakata lile tambara mapajani. Nyumbani nikakaa kwenye kizingiti cha jikoni, nikakata waya, nikafungua. Nikahesabu midomo. Mmoja, miwili. Nikageuza upande wa pili, kana kwamba mingine imejificha, nikahesabu upya. Miwili. Mimi ninayelipwa kuhesabu, mimi ninayehesabu chenji ya mkate mara mbili, nilikuwa nimenunua kitu changu cha kwanza cha mbio bila ya kukitazama, na kilichotoka ndani ya tambara kilikuwa kabureta ileile aliyokuwa nayo baba, isipokuwa hii haivuji.

Mama alitoka akiwa na mwiko mkononi. Akauliza walianza na ngapi. Nikamwambia sitini. Akauliza nimelipa ngapi. Nikamwambia.

"Na ulikitazama?"

"Sikukitazama, mama."

"Vizuri," alisema, akarudi kwenye chungu chake.

Sikuwa na nguvu ya kurudi Wadi Kabir. Ningeenda kumwambia nini? Kwamba sikulitaka dude hili, nililitaka dude jingine ambalo nalo nilisema silijui? Siku ya Arafa, kiu ya saumu ikiwa kooni, niliifungua kabureta ya zamani nikaifunga niliyonunua. Ilikaa kama mguu kwenye kiatu chake. Nati zilikubali, mirija ilikubali. Nikatia betri mpya, nikamwagia petroli. Kaka alileta kiti akakaa kivulini na funguo zake mkononi, akisubiri neno lake litimie. Mama alikuwa upande wa kamba, anaanua nguo.

Nikawasha. Likakohoa. Nikawasha tena, likakohoa zaidi, likatikisika, kisha likashika.

Halikunguruma. Vikombe vilitulia kabatini. Ulikuwa ule mvumo wa chini chini, wa kivivu, uliokuwa ukiniamsha kila asubuhi nilipokuwa mtoto, baba akilipasha moto kabla ya kwenda kazini huku akimalizia kikombe chake amesimama. Kaka alisimama. Mimi nikageuka kumtafuta mama.

Alikuwa ametugeuzia mgongo. Alisimama na shuka mkononi, ameinua uso, analitazama tangi la maji juu ya paa la jirani. Alilitazama, akalitazama. Tangi lile halikuwa na kitu cha kutazamwa; lilikuwa jeupe, na mfuniko wake wa siku zote.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu baba afariki sikuwahi kumwona mama akilitazama gari. Alikuwa akipita kando yake na beseni la nguo, macho kwenye ukuta wa jiko. Alikuwa akilisema vibaya huku akitazama mchele. Kaka hakuwa na habari hizi. Sokoni Matrah alikuwa akienda na baba, na baba alikuwa analipa bei anayotajiwa.

Nikaingia, nikatia gia, nikatoka getini. Nilifika mpaka barabara kuu, nikageuza, nikarudi. Baiskeli moja ilinipita.

"Hili ndilo gari la mbio?" kaka aliuliza.

"Limetoka na limerudi."

Alizunguka akalishika boneti, akaliacha, kwa sababu lilikuwa la moto. "Nne za kwendea," alisema, akaingia ndani bila ya kumalizia. Baada ya Idi fundi alikuja kupima paa.

Mama alipolisogelea gari alikuwa amebeba beseni lake, na uso wake ulikuwa umegeukia jiko. "Haya," alisema. "Sasa mie nguo zangu nianike wapi?"

Miaka imepita, tumeingia elfu mbili na kitu, na gari bado lipo. Ijumaa baada ya sala nampeleka mama Matrah. Anakaa nyuma, anatazama nje, na magari ya maji yanatupita yakitupigia honi kwa huruma. Nikipata safari ya Wadi Kabir, yule mzee huniita kutoka barazani: "Rejeta yako ipo." Mwaka mmoja nilimuuliza, kwa mbali, habari ya ile kabureta ya midomo minne. Akasema aliiuza wiki ileile kabla sijarudi, mwanajeshi mmoja aliingia, akaitazama waziwazi, akailipia. "Wewe hukuuliza midomo," alisema. "Wewe ulikuja kwa rejeta."

Bei yake imekuwa ikipanda. Ilianza ishirini, ikawa ishirini na tano, ikawa thelathini, na sasa anataka arubaini na tano, kwa hoja kwamba hajaona mtu aliyependa kitu kwa muda mrefu kama mimi.

Wiki iliyopita, tukipanda mlima wa Qurum, moshi mweupe ulifoka mbele. Rejeta ya baba imepasuka mahali pasipoweza kuchomelewa. Nimeuliza maduka yote mengine. Ya toleo lile hakuna. Kaka, ambaye naye ameanza kuzeeka na vyumba vyake vya paani vina wapangaji, amesema tena neno skrepa, ingawa safari hii kwa upole. Na mama, jana, akinimiminia kahawa, alisema, "Liuze tu, mwanangu, tumeshachoka nalo." Alisema hivyo akiitazama dele ya kahawa.

Kwa hiyo lazima niende. Lakini nimefundishwa kanuni moja tu, nami nimeitazama rejeta ile kwa miaka, mbele ya mwenyewe, kwa macho yangu mawili. Jirani zake wote mezani wameshauzwa. Nyinyi mnaojua soko, nishaurini: nikifika pale dukani, nitazame nini?