Mama Safu na Ukungu wa Upande wa Kulia

Saa mbili asubuhi, mpiga picha za shule amepanda juu ya stuli katikati ya uwanja. Mbele yake wamesimama wanafunzi arobaini na wanane, safu nne.

"Wewe mrefu, rudi nyuma! Na wewe uliyenuna, nani kakuchokoza?" Uwanja mzima unacheka. Hapo hapo anabonyeza.

Kazi hii ameifanya miaka ishirini na mitatu, mpaka wanafunzi wakambatiza Mama Safu. Mwaka jana nusura aiache.

Kila picha ya darasa ilitoka na kasoro ileile: katikati kope zinahesabika, upande wa kulia ukungu mtupu. Shule moja ilimrudishia picha zote. Mzazi mmoja alimuuliza, "Mwanangu ndiye yupi hapa?"

"Nilitamani ardhi ipasuke," anakumbuka.

Nyumbani, mumewe alimwambia kwa upole, "Mama watoto, macho yamechoka. Si aibu." Maneno hayo yalimchoma, maana mama yake mzazi alipofuka akiwa na umri kama wake. Alikwenda kupimwa roho ikiwa juu. Daktari akasema macho ni mazima.

Ndipo alipoipeleka lenzi ya kamera yake, ambayo aliinunua mpya dukani mwaka huohuo, kwa fundi. Fundi alibandika ukurasa wa gazeti ukutani, akaupiga picha kwa lenzi hiyo, kisha kwa nyingine ya aina ileile. Ya pili ilisomeka pembe zote nne.

"Dada, zimetoka kiwanda kimoja lakini hazilingani," alimweleza. "Ndani kuna vioo kumi na kimoja. Kila kimoja kinaruhusiwa kukaa kombo kidogo, chini ya unene wa unywele. Mara nyingi kombo hizo zinafidiana. Kwenye yako zote zimeegemea upande mmoja."

"Kwa hiyo si macho yangu?"

"Macho yako yameona hata walichopitisha wakaguzi wa kiwanda!"

Mama Safu alijibwaga kwenye benchi, akacheka huku machozi yanamtoka. Fundi aliifungua lenzi, akasogeza kioo kimoja kidogo mno, akapima na kurudia mpaka herufi za pembeni zikakaa sawa.

Siku hizi hanunui lenzi bila kuijaribu palepale dukani. "Muuzaji akikunja uso, shauri yake."

Wiki ijayo atapiga picha ya wahitimu mia moja na kumi na wawili wa chuo cha uuguzi. Mpwa wake, aliyekwisha kuahidiwa kurithi kamera, amepewa habari mpya.

"Nimemwambia atafute yake," anasema, akirekebisha mkanda wa kamera. "Hii haishuki shingoni mwangu leo wala kesho."