Rufaa ya Mwanangu Imegeuka Safari ya Sabuni

Ndugu Mhariri, jina langu lifiche kabisa, maana ndugu zangu wamejaa hapa kijijini Bigwa na kusoma wanajua.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, mkulima wa mboga. Nina binti wa miaka tisa mwenye ugonjwa wa moyo. Hospitali ya mjini walimpima wakasema lazima aonwe na daktari bingwa Dar es Salaam kila baada ya miezi mitatu, na serikali itatoa hati ya kusafiria, yeye na msindikizaji. Nilishukuru mpaka nikalia.

Siku ya kuandikisha, karani akauliza, "Mwenye mtoto nani?" Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye mtoto ni mjomba wake. Nikamwonyesha kaka yangu, kwa adabu zote. Karani akamwandika yeye kuwa msindikizaji, na sasa hataki kubadilisha mpaka kaka mwenyewe aridhie.

Kaka amekwenda naye mara tatu. Kila akirudi anasema bingwa kafurahi, mtoto anaendelea vizuri, kisha ananipa vidonge vya kwenye karatasi. Nami nampa mwanangu asubuhi na jioni, huku miguu inamvimba na kilima cha kwenda shule kimemshinda. Juzi nikamwonyesha mganga wa zahanati vile vidonge. Akaniambia ni aspirini tu, za kutuliza kichwa.

Nikambana mtoto. Akasema huko Dar anashinda kwa mwanamke wa mjomba akilinda mizigo, mjomba yuko mitaani anatafuta sabuni na kanga za kuja kulangua huku, maana dukani hazipatikani. Alikatazwa kusema. Jamani, sabuni hiyo hata mimi nilinunua kwake, nikamfulia mtoto nguo zake.

Nikamfuata kaka. Wala hakukana. Alikuwa anakula, akaendelea kula, akaniambia, "Wewe umezaa tu. Mtoto ni wa ukoo, na ukoo nao unakula."

Redioni kila siku wanatuambia mnyonyaji ni bepari. Wangu mimi nimechangia naye ziwa. Mume wangu akifungua mdomo anaambiwa yeye kaja kuoa, anyamaze. Mama yangu ananisihi nisiende kwa katibu wa chama, eti ulanguzi ni jela na nitakuwa nimemfunga ndugu yangu. Na shamba ninalolima ni la ukoo, kaka ndiye msemaji wake. Uso wake siwezi kuutazama, nikisikia sauti yake uani naingia ndani, na bado namwamkia shikamoo kila asubuhi.

Jumatatu ni safari nyingine, ameshamwambia mtoto ajiandae. Nikimzuia mtoto, hati inafutwa na nafasi kwa bingwa inapotea. Nikimshitaki kaka, napoteza ukoo na shamba. Wasomaji wenzangu, mama zangu na dada zangu, ningekuwa binti yenu mngeniambia nifanye lipi? Jana usiku mwanangu kaniuliza, "Mama, kwani Dar es Salaam kuna hospitali?"