Mia Sita Arobaini

Watu wa Mbinga mjini wakitaka kunichokoza huniuliza kama leo nimefundisha au nimetunga shanga. Nimezoea. Shule yetu ya msingi inafuata njia ya Montessori, na anayechungulia dirishani huona watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wamechanganyika chumba kimoja, kila mmoja na mkeka wake mdogo sakafuni. Mmoja anahesabu shanga, mwingine anapapasa herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa, na mwalimu kanyamaza pembeni. Ndiyo kazi yenyewe. Wanaocheka na waje wakae kimya asubuhi nzima tuone kama ni rahisi.

Tuna sheria moja ambayo siijadili na mtu: kazi ya mwenzako haiguswi. Mtoto asipomaliza, huweka kikadi chenye jina lake juu ya mkeka akaendelea kesho, na kuikusanya ni juu yake mwenyewe. Watoto wa huku hawahitaji maelezo marefu. Huwauliza tu kama wanaweza kwenda kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, kwenye shamba la jirani bila kuitwa. Wanacheka, na somo limeisha.

Alikuwepo binti wa miaka saba kutoka Ngumbo, kule ziwani, aliyekaa kwa shangazi yake hapa mjini ili asome kwetu. Sweta halikumtoka mwilini hata jua likiwaka. Wiki ile alikuwa ameshika mnyororo wa shanga elfu moja. Tuliutunga wenyewe, kumi kumi kwenye waya, na ukinyooshwa kwenye mkeka wake mrefu unaanzia kabatini hadi karibu na mlango. Mtoto huhesabu shanga moja moja kwa ncha ya kidole, na kila akifika kumi nyingine huweka kikadi cha namba. Wengi huchoka kwenye mia tatu. Yeye alikuwa siku ya tatu, na midomo ilikuwa inamwenda kimyakimya.

Mjomba wake akatokea mlangoni. Bibi alikuwa mgonjwa sana, anataka kuwaona wajukuu, na gari la kushuka ziwani lilikuwa linajaza abiria. Mtoto hakuinua kichwa.

"Mwalimu, bado," alisema. "Nipo mia sita arobaini. Naomba nimalize."

Nilifundishwa miaka miwili na sista mmoja mkali kwamba mtoto anayehesabu hakatizwi, hata askofu akiingia. Lakini nilimwonea aibu yule mjomba, amesimama na kofia mkononi. Nikamshika mtoto bega, nikamwinua.

"Nenda, mama. Kazi yako itakusubiri. Hakuna atakayeigusa."

Aliweka kikadi cha mia sita arobaini, akaweka na cha jina lake, akaniangalia kuhakikisha nimeona. Nikamwambia nimeona.

Bibi alipona. Mtoto ndiye aliyeshikwa na homa, mvua ikiwa imekata barabara, na siku walipopata njia ya kumfikisha hospitali alikuwa ameshafariki. Shangazi alitupigia simu asubuhi, nikiwa nafungua madirisha ya darasa. Mnyororo ulikuwa pale pale.

Niliwaambia watoto, tukasali, wakalia. Kisha nikapiga magoti ili nikusanye shanga. Binti mmoja wa darasa la tatu akanishika mkono.

"Mwalimu, siyo ya kwako."

Sheria ni yangu. Nikainuka.

Basi mkeka ukabaki. Watoto waliuzunguka. Waliokuwa na zamu ya kufagia walifagia kandokando yake, wakaacha ukanda mwembamba wa vumbi. Mwalimu mkuu, naye sista, alivumilia wiki mbili, kisha akaniambia darasa si mahali pa hija. Nilimjibu vibaya, jambo ambalo sijalizoea, na yeye hakulizoea.

Siamini mizuka, na sitaki kuanza uzeeni. Lakini mchana, watoto wakishatoka, nilikuwa nikisikia shanga zinagusana, taratibu, moja na nyingine. Nilijiambia ni upepo unaopita chini ya mlango. Niliziba nafasi ile kwa gunia. Ziliendelea. Nikaanza kukusanya vitabu vyangu haraka na kwenda kusahihisha nje barazani, mtu mzima mimi, nimekimbia mkeka.

Halafu siku moja tulicheza mchezo wa ukimya. Watoto hufumba macho, wakatulia hata pumzi zisisikike, nami nikiwa mlangoni nawaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa mnong'ono. Anayesikia jina lake huja kwa kunyata. Mpangilio wa majina nimeuzoea, sihitaji karatasi. Nikaita, nikaita, na mdomo wangu ukamwita yeye.

Macho yote yakafumbuka. Hakuna aliyenitazama mimi. Waligeuka wote kuelekea kwenye mkeka, wakangoja. Mdogo kuliko wote akanong'ona, kwa upole kabisa, kama anayemwombea mwenzake udhuru:

"Bado anahesabu, mwalimu."

Usiku huo sikulala. Niliogopa, lakini nilichoogopa kilikuwa kile nilichomwambia mtoto, kwamba itamsubiri.

Mama yake alipanda kutoka ziwani mvua zilipopungua, kuchukua ndala na daftari alizoacha mwanawe. Alikuja na kikapu cha usipa mkavu, dagaa wa kule ziwani, maana hawezi kuja mikono mitupu, hata kwenye shughuli ya namna ile. Watoto walikuwa kazini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Pole sana."

Nilimwonyesha mkeka. Alisoma kikadi cha jina, kisha kile cha namba, na uso wake ukabadilika.

"Mia sita arobaini," alisema. "Kumbe ilitoka hapa."

Nilimwuliza imetokaje.

"Usiku ule wa mwisho alikuwa anahesabu. Kwa Kiswahili, siyo kwa lugha ya kwetu. Alianzia mia sita arobaini na moja. Nilidhani homa imempanda kichwani. Alipofika mia tisa themanini na tatu nikamwambia, nyamaza mwanangu, pumzika. Akanyamaza." Alifuta uso kwa khanga. "Hakusema tena."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu mzima aliyejua isipokuwa mimi na mjomba mtu.

"Mama, alikuwa hataki kuondoka," nilisema. "Aliomba amalize. Mimi ndiye niliyemwinua."

Alinitazama muda mrefu, mpaka nikatamani anipige.

"Basi tumemnyamazisha wawili," alisema.

Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka. Nilichukua vikadi thelathini na vinne, nikavipanga kuanzia mia sita hamsini hadi mia tisa themanini, bila kuhesabu shanga hata moja. Kwa kazi yetu huo ni udanganyifu, na nisingemruhusu mtoto. Mama akaweka kidole kwenye shanga ya mia tisa themanini na nne, akaanza. Sauti ilimkatika mara mbili, na hatukumsaidia. Alipofika elfu, alikusanya mnyororo, akakunja mkeka kama unavyokunjwa nyumbani, siyo kama tunavyofundisha. Mtoto mmoja alitaka kumsahihisha, nikatikisa kichwa.

Shanga hazigusani tena mchana. Mimi ndiye niliyebaki na neno lile la yule mdogo. Wazazi wananilalamikia kwa mwalimu mkuu kwamba nina kiburi, kwamba mtu anakuja na dharura yake namweka kwenye benchi la barazani, gari linapiga honi, na mimi nimesimama katikati ya mlango. Wana haki. Juzi baba mmoja alinifokea mbele ya watu kwamba msiba haumngoji mtoto amalize kucheza. Nilimpa pole ya msiba, nikamwomba akae.

"Bado anahesabu," nilimwambia.