Mashine Pekee Sokoni

Nakumbuka siku moja mama mkwe wangu alimtuma mbuzi kunikemea. Mwanangu, usicheke kwanza. Kwetu huku Tororo mtu na mama mkwe wake hawakuwa wakitazamana usoni wala kusemezana. Ninyi siku hizi mnapiga nao picha, haya.

Nilikuwa kijana mwenye mashine ya kusaga, sokoni upande wa Merikit. Mzee Okoth alikuwa na yake ng'ambo ya barabara. Basi shemeji yangu, kaka ya mke wangu, akachaguliwa kansela, yaani diwani wetu. Haukupita muda mlango wa Okoth ukatiwa kufuli, eti mashine yake ina kelele. Yangu ilikuwa na kelele zaidi, lakini ilikuwa kelele ya ukoo.

Nikapandisha bei, nikanunua pikipiki, nikaota kitambi. Chekeche la mashine likatoboka, sikulibadilisha; kwani wangekwenda wapi? Watu wakawa wanakula ugali kama wanatafuna karanga.

Wakaenda Molo. Molo ya kwetu, si ile ya Kenya. Na aliyekwenda kusaga Molo alinunua chumvi hukohuko, na sabuni, na nyama. Mchinjaji wetu akahama, muuza chapati akamfuata. Nikabaki na mashine iliyonyamaza, pikipiki isiyo na mafuta, na mke anayeniuliza watoto watakula nini.

Ndipo akapita mama mkwe, gunia la muhogo mkavu kichwani. Akanipa mgongo, akamwambia mbuzi aliyefungwa pale:

"Wewe mbuzi, mwambie mwenye mashine mimi nakwenda Molo. Magoti yananiuma, lakini meno yangu nayapenda zaidi."

Nami nikamwambia mbuzi, "Mjibu mama kwamba aliyefunga kwa Okoth ni mwanawe."

"Mbuzi, huyo nilimzaa mimi, ujinga wake naujua. Binti yangu nilidhani nimempa mtu mwenye akili."

Akaenda zake. Mbuzi akaendelea kula.

Nikamfuata shemeji, nikaomba kufuli litolewe. Akanitazama sana.

"Watu huja hapa niwafungie wenzao. Wewe unataka nikuletee adui?"

"Niletee, shemeji. Mama yako anabeba gunia hadi Molo, wapiga kura wote wanamwona."

Hapo akatafuta ufunguo.

Okoth akafungua, na chekeche jipya kutoka Busia. Nikabadilisha langu kwa aibu. Watu wakarudi, ila si wote. Yule mchinjaji yuko Molo mpaka leo, amejenga.

Mwanangu, ukipata ndugu serikalini, mwombe barabara, mwombe umeme wa soko zima. Usimwombe amfungie jirani. Soko likilisha familia moja, wengine wanahama na pesa zao, na hiyo familia moja inabaki kuuziana yenyewe.

Mungu akupe mashine nzuri, akupe na jirani mwenye mashine nzuri kuliko yako, usipate nafasi ya kuota kitambi.