Ufunguo Aliozikwa Nao Okeyo

Mwaka wa tisini na tatu, dhahabu ilipowatoa akili watu wazima na ndevu zao, Dorka wa Turwa alikuwa mmoja wa wachache waliobaki na akili zao. Alikuwa mama Adero, mke wa Okeyo. Zamani za usichana wake alivuka mpaka wa Sirari kwenda kwa shangazi zake upande wa Kenya na kurudi na robota la mitumba kichwani, mgambo wanamwita, yeye anatembea tu. Kumwamrisha Dorka kulikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Okeyo alilinda kambi ya watalii Robanda miaka mingi. Alipostaafu alikuja na bunduki ya kufukuzia ngedere shambani, yenye kibali, pamoja na kabati la chuma la kuifungia. Bunduki ile aliipiga hewani tu, basi. Ufunguo aliushonea mfuko wa siri ndani ya koti lake la kanisani, maana koti lile hakuna aliyethubutu kuliazima. Alipofariki, Dorka mwenyewe ndiye aliyechagua koti la kumzikia. Aliukumbuka ufunguo siku ya nne, kaburi limeshasakafiwa kwa simenti.

Siku ya tano akaja Orwa, mdogo wa marehemu, kudai urithi. Hakutaka kiti wala baiskeli. Alitaka bunduki, na alikwisha kumwahidi tajiri mmoja wa machimboni kwamba atamkodishia ikalinde shimo lake. Wiki tatu nyuma bunduki ya kukodi namna hiyo hiyo ilikuwa imemuua Heche, mtoto wa jirani yao Simioni, akiwa na kiroba cha mawe ya dhahabu begani. Dorka ndiye aliyemshika mama yake Heche asijitupe kaburini. Tangu hapo aliapa kwamba bunduki ya mumewe haitafika machimboni yeye akiwa hai.

"Shemeji, leta ufunguo," alisema Orwa.

"Uko kwa koti. Koti liko kwa Okeyo, na Okeyo unajua alipo. Sururu iko nyuma ya jiko, kama unautaka sana."

Hakuna mtu wa ukoo ule ambaye angemfukua ndugu yake kwa ajili ya ufunguo, na Orwa alilijua hilo vizuri kuliko wote.

"Basi keshokutwa nakuja na gari. Tunabeba kabati zima. Na fundi yeyote wa Turwa atakayeligusa, tutaonana."

Mafundi wa Turwa wakawa ghafla na kazi nyingi. Dorka hakuwabembeleza. Alimwendea Jilala, Msukuma aliyefuata dhahabu akaishia kuwanolea wachimbaji moko, zile patasi zao za kupasulia mwamba.

"Mama, mi mgeni hapa. Huyo Orwa simjui," alisema Jilala.

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Hakufanya kwa kificho. Alichagua asubuhi ya siku ile ile ya gari, akamwita mzee Nyangwine, balozi wa nyumba kumi, na Veronika kiongozi wa akina mama wa kanisa, akawapa viti uani. Jilala alililaza kabati, akaanza kugonga bawaba. Ya kwanza ilikatika. Ya pili ilikuwa ikilegea pikapu ya Orwa ilipoingia, na mlango ulianguka yeye akishuka.

Bunduki ilikuwemo, imefungwa kwenye kanga ambayo Dorka alimshutumu wifi yake kwa kuiiba. Risasi saba zilikuwemo, na kibali. Na kwenye msumari, ndani kabisa, ulining'inia ufunguo wa akiba. Okeyo aliuficha mahali ambapo mwizi hangeupata. Dorka alicheka mpaka akalia, na aliona uchungu wa kumkosa zaidi kuliko siku ya maziko.

Orwa alinyoosha mkono. Dorka alikuwa ameshaiweka bunduki begani.

"Mwanamke habebi bunduki ya mwanaume, shemeji."

"Mwanaume wake yuko chini ya simenti. Wewe ni dalali. Pisha."

Alitembea nayo mpaka kituo cha polisi katikati ya mji, mzee Nyangwine mbele, Veronika nyuma na risasi ndani ya kanga. Sokoni watu waliacha kupima dagaa.

"Shikamoo mama. Mwenye silaha yuko wapi?" askari aliuliza.

"Marahaba. Amekufa. Andika kwamba nimeirudisha mimi, halafu unipe karatasi."

Msimu ule ngedere walikula nusu ya mahindi, Dorka akiwafukuza kwa kugonga debe. Orwa alipita njiani, akasimama kuangalia mabua matupu.

"Unaona sasa, shemeji? Shamba limekwisha."

"Mimi nitapanda tena," alisema Dorka, na debe lake mkononi. "Simioni apande nini apate Heche mwingine?"