Niliandika "imethibitishwa", na sasa binti anakuja kumwona mama yake

Admin, naomba ufiche jina langu. Majina niliyotumia humu si ya kweli.

Jumatatu mchana msambazaji mmoja wa filamu wa Dar es Salaam alitoa orodha ya filamu za zamani anazozirudisha sokoni kwenye DVD. Ziko sita. Ile iliyopigwa hapa Mpanda haimo. Nilimpigia simu, akaniambia hivi: "Kaka, hiyo isahau. Kopo tunalo, lakini mkanda umeoza. Ukilifungua linanuka siki, picha zimegandana zote. Na kopi nyingine hatuijui ilipo."

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na moja, nina mke na watoto watatu, naishi Mpanda mjini. Ni mwandishi wa habari, na kazi hii nimezeekea humo. Naandika kwenu kwa sababu nimekosea jambo la kazi yangu mwenyewe, na atakayeumia si mimi.

Tuna kundi la WhatsApp la wakusanyaji wa filamu za zamani. Wengine tuna kaseti kabati zima na deki mbovu tatu. Kinachotuweka pamoja ni kubashiri: ipi itatoka, itatoka na nani, itakuwa kamili au imekatwa. Mtu akiona kava jipya mahali, tunabishana wiki nzima. Lakini tuna sheria moja. Unachokisikia au kukihisi unakiandikia "tetesi". Neno "imethibitishwa" anaruhusiwa kuliandika aliyezungumza na mwenye filamu tu. Sheria hiyo niliipendekeza mimi.

Mzee Lazaro yuko kwenye kundi. Ni mkulima wa Katumba, mjane tangu ujana wake. Mkewe alikuwa akiuza asali pale stesheni ya Mpanda. Siku waliyokuja watu wa filamu alipita mbele ya kamera na ndoo kichwani, akageuka, akacheka. Hayo tu. Mwaka uliofuata alifariki, akamwacha binti wa miezi saba. Baadaye, mtoto akiwa bado mchanga, nyumba iliungua na picha yake pekee ikaungua nayo. Gari la sinema lilipoileta filamu hiyo Katumba, mkewe alikuwa ameshazikwa. Mzee alimwona pale kwenye shuka jeupe, mara moja, kisha gari likaenda vijiji vingine. Tangu hapo anakusanya kaseti, akitafuta hiyo moja.

Mwezi uliopita msambazaji aliweka mtandaoni picha ya kabati lake la makopo. Niliivuta picha ile mpaka nikasoma jina la filamu yetu ubavuni mwa kopo moja, bila shaka yoyote. Mzee Lazaro alikuwa ametoka kulazwa kwa ajili ya moyo, na macho yake hayasomi tena simu, mimi ndiye humsomea ujumbe wa kundi. Niliandika: "Imethibitishwa. Inatoka mwezi ujao." Sikumpigia mtu. Niliona kopo, sikuuliza kilichomo. Kijana wa kazini kwetu angeniletea habari ya namna hiyo, ningemrudisha akaulize.

Kundi zima lilishangilia. Nilipomsomea Mzee, akaniuliza, "Umesema imethibitishwa, si tetesi?"

"Imethibitishwa, Mzee."

"Basi mwana wanje, huyu binti yangu, atamwona mama yake."

Binti, nitamwita Feli, ameolewa Karema. Haujui uso wa mama yake, si kwa macho wala kwenye karatasi. Siku hiyohiyo baba yake alimpigia simu. Feli ameomba ruhusa kazini na anakuja na watoto wake kuitazama Jumamosi hii. Mzee ameazima runinga ya jirani na ameniomba nilete deki.

Orodha ilipotoka, watu wa kundi walinifuata pembeni. Mwenzetu mmoja wa Sumbawanga, mtu wa utani, alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwandishi, wewe si ulithibitisha? Sasa nenda kamtungie na picha!" Akacheka. Baadaye akapiga simu, na safari hii hakuwa anatania. "Sikia kaka. Mimi nina filamu nyingine ya miaka ileile. Kuna stesheni, kuna mama anapita na ndoo kichwani. Mzee haoni vizuri. Binti hamjui mama yake. Nani ataumia?"

Nilimwambia hapana. Hata hivyo aliituma, na ninayo. Nimeitazama mara nne. Yule mama anapita, anageuka kidogo. Hacheki.

Jana nilikwenda Katumba kusema ukweli. Nilimkuta Mzee amenyoa ndevu, anafuta vumbi kwenye kaseti zake. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Nikwambie kitu usimwambie Feli. Sura ya mama yake imenitoka. Nakumbuka kicheko, sura siipati. Nikifumba macho inakuja ya dada yake. Kwa hiyo Jumamosi na mimi nitakuwa mgeni kama yeye."

Nilikunywa maji niliyopewa, nikaaga, nikaondoka sijasema.

Nikisema ukweli, naogopa moyo wa Mzee, na Feli atakuwa amesafiri kuja kuambiwa kwamba hakuna kitu. Nikiweka ile nyingine, wote wawili watafurahi, na wajukuu watakua wakijua sura ya mwanamke ambaye si bibi yao. Hakuna atakayegundua. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Feli anaondoka Karema Ijumaa asubuhi. Jumamosi saa nane mchana natakiwa niwe sebuleni kwa Mzee Lazaro na deki yangu. Nyie mnaosoma, mngekuwa mimi mngeingia mle ndani na nini mkononi? Nishaurini kabla ya Ijumaa, Feli hajapanda gari.