Watu Aliowaona Mama Baada ya Kupofuka

Mama alipofuka polepole, kuanzia pembeni. Kwanza alianza kugonga mabega kwenye miimo ya milango, kisha akawa hakioni kikombe kilichowekwa kushotoni kwake mpaka ageuze kichwa. Hospitalini Kisii walisema ni presha ya macho, na kwamba tulikuwa tumechelewa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa nikifundisha shule ya msingi karibu na Keroka, na kila Ijumaa nilirudi nyumbani kabla jua halijatua ili nimpikie chakula cha Sabato.

Jioni moja nilikuwa namenya ndizi jikoni, naye ameketi karibu na moto. Akaniuliza, kwa sauti yake ya kawaida, kwa nini sijawakaribisha wale wanawake. Nikamuuliza wanawake gani. Akasema wamesimama ukutani, wamefunga vitambaa vyeupe vichwani, na hawasemi neno. Hapakuwa na mtu.

Tangu hapo wakawa wanakuja mara kwa mara. Siku nyingine walikuwa watoto wa shule wenye sare asiyoifahamu, siku nyingine ng'ombe wamelala penye meza. Hakuwaogopa. Alijua fika kwamba ni kipofu, maana akiuinua mkono wake mwenyewe mbele ya uso hakuuona. Lakini watu hao aliwaona hadi vifungo vya nguo zao.

Baba alikuwa mkulima wa pareto na mzee wa kanisa. Aliwaita wazee wenzake wakaja kumwombea, ila wageni hawakukoma. Habari zikaenea kwamba mama anazungumza na wafu. Jirani aliyekuwa akituletea maziwa akaacha kuja, na watoto wakakatazwa kukatiza uani kwetu. Kwetu maneno ya namna hiyo si ya kuchezea. Mwanamke anaweza kuitwa mchawi na kuuawa kwa ajili yake. Baba akaanza kulala na panga chini ya kitanda.

Majirani hawakujua jambo moja. Kabla yangu mama alimzaa mvulana, akafa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa bado hajang'oka meno ya utotoni. Alizikwa nyuma ya migomba. Hakuwahi kupigwa picha, na hata kabla ya kupofuka mama alikuwa ameshaniambia kwamba sura yake inaanza kumtoka. Sasa kila walipokuja watoto aliwakagua mmoja mmoja.

"Hayumo?" nilimuuliza siku moja.

"Hayumo. Wote ni watu nisiowajua."

Kulikuwa na daktari wa macho aliyekuwa akija Kisii kutoka Nairobi kuwaona wagonjwa. Nilipomweleza hakucheka. Alisema amewahi kukutana na wengine wa aina hiyo, na kwamba yeye na wenzake wanachunguza ubongo unafanya nini macho yakishakufa. Akaomba nimpeleke mama Nairobi.

Tulikwenda kwa basi. Kule walimfumua nywele, wakambandika nyaya kichwani kwa dawa nyeupe kama uji mzito, wakammulikia taa ya kuwakawaka. Kando yake mashine ilikuwa ikichora mawimbi kwenye karatasi, na kila wageni walipomtokea mama aliinua kidole kama alivyoagizwa. Kiswahili alijua cha salamu tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

Mwishowe daktari alitueleza kwamba mama hana wazimu, wala hajarogwa. Macho yaliacha kupeleka habari, na ile sehemu ya ubongo iliyozoea kuzipokea haikukubali kukaa bure, ikawa inajichorea picha yenyewe. Nilimtafsiria mama kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimepata maneno ya kurudi nayo kijijini. Muuguzi alikuwa akimpangusa ile dawa nyweleni.

"Muulize," akasema, "ikiwa ni kichwa changu mwenyewe kinachochora, mbona hakimchori mwanangu?"

Nilipolisema swali lake kwa Kiswahili, daktari alivua miwani yake akakaa nayo mkononi.

"Mwambie sijui," alisema. "Usimtafutie maneno mengine. Mwambie sijui."

Sabato iliyofuata baba alisimama kanisani akaeleza yale tuliyoambiwa. Si wote walioamini, lakini maziwa yalianza kuja tena na minong'ono ikapungua. Siku hizi nasikia kuna mashine zinazopiga picha ubongo ukiwa kazini, na kwamba kipofu akiona uso wa mtu asiyekuwepo, sehemu ileile ya kutambua nyuso huamka ndani yake. Kwa hiyo daktari yule alitwambia kweli. Kuhusu swali la mama, sijasikia aliyelijibu.

Baadaye wageni walianza kupungua. Ijumaa moja nilimkuta ameketi kitandani, uso ameuelekeza ukutani, akaniambia hawajaja tangu mvua zianze. Nikasema tumshukuru Mungu. Akaanza kulia, kilio cha chinichini kisichokwisha, na mimi sikuelewa mpaka aliponishika mkono.

"Walipokuwa wakija," alisema, "nilikuwa na mahali pa kumtafuta."

Nilikaa naye mpaka ndizi zikapoa chunguni. Aliishi miaka michache zaidi katika giza tupu, wala hakuwataja tena.